Kusikia vibaya Goma: kazi kubwa inaweza kuanzia mtaani, mbele ya kufika kwa munganga wa masikio

Mtoto akihara, kila mama wa Majengo ao wa Ndosho anajua pa kumpeleka. Akishikwa na homa, vile vile. Lakini mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha mwezi mzima, huyo mara nyingi anabaki nyumbani. Watu wanasema litakauka lenyewe. Mzee ambaye hajibu tena akiitwa, wanasema ni uzee tu, ao ni kiburi. Na mtoto wa miaka 3 ambaye hajasema neno hata moja, jamaa inajipa moyo: atasema siku yake, hata baba yake alichelewa.

Hapo ndipo miaka inapotea.

Sikio haliui mtu haraka kama kolera, kwa hiyo halipewi nafasi ya kwanza katika mji wenye kolera, malaria, vita na volkano. Inaeleweka. Lakini OMS, Shirika la Afya Ulimwenguni, katika ripoti yake ya 2021 juu ya kusikia, ilihesabu watu zaidi ya milioni 430 wanaohitaji msaada kwa sababu hawasikii vizuri, na karibu 80 kati ya 100 wanaishi katika inchi za mapato ya chini na ya kati, kama Kongo. Ripoti ileile inasema kwamba kwa watoto, visa 60 kati ya 100 vinatokana na sababu ambazo zingeweza kuzuiwa. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika. Kuzuia hakuhitaji ORL, jina wanalotumia hospitalini kwa munganga wa masikio, pua na koo. Kunahitaji chanjo, muuguzi wa kituo cha afya, kitambaa safi, na jirani anayejua kuuliza maswali yanayofaa.

Sikio linaharibika wapi?

Sauti ni hewa inayotikisika. Inaingia kwenye tundu la sikio, inagonga ngozi nyembamba iliyokazwa kama ya ngoma, na ngozi hiyo inasukuma mifupa 3, ile midogo kupita mingine yote ya mwili. Mifupa inapeleka mtikisiko ndani zaidi, kwenye sehemu iliyojikunja kama konokono, yenye maji na vinyweleo ambavyo macho hayawezi kuona. Vinyweleo hivyo ndivyo vinageuza mtikisiko kuwa habari kwa ubongo.

Kama shida iko nje ao katikati, yaani uchafu umeziba tundu, kuna punje ya maharagwe ndani, ngozi imetoboka ao kuna usaha, mara nyingi inaweza kutunzwa, na mtu akasikia tena. Kama shida iko ndani, kwenye vile vinyweleo, hapo hakuna dawa ya kuvirudisha. Vikifa havioti tena. Anayeuza sokoni dawa ya matone ya «kufungua masikio ya kila aina» anauza maneno.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mtu asiyesikia vizuri ni la kutafuta shida iko upande gani, na si la kutafuta dawa. Kwa upande wa nje, kulijibu kunaomba kitochi kidogo cha kuangalia sikioni ambacho waganga wanaita otoskopu, na mtu aliyefundishwa kukitumia. Hakuombi kusafiri mpaka Kinshasa ao Kampala.

Usaha, ugonjwa ambao watu wamezoea

Kati ya mambo yote ya masikio, usaha ndio ambao mtaa unaweza kuupigania kwa nguvu ndogo na ukashinda. Unaanza na mafua. Kati ya koo na sikio kuna mrija mwembamba, na kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, basi vijidudu vinapita kwa urahisi. Sikio linajaa, mtoto analia usiku kucha, halafu siku moja ngozi inatoboka, usaha unatoka na maumivu yanapungua. Mama anafurahi kwamba mtoto amepona. Kumbe ndipo hatari inaanza, kwa sababu tundu limebaki wazi.

Mtoto anarudi kuoga ziwani. Goma maji ya bomba ni shida ya kila siku, na watoto wengi wanaoga, wanafua na kuchota kwenye Ziwa Kivu. Maji yanaingia kwenye sikio lililotoboka, usaha unarudi. Mwaka unapita hivyo, miwili, mitatu. Mtoto anakaa nyuma darasani, hasikii mwalimu, anaitwa mvivu. Wenzake wanamkimbia juu ya harufu.

Utaratibu wa kumtunza uko tayari kwenye vituo vya afya. Ni ule unaojulikana kwa jina la PCIME, mpango wa kutunza magonjwa ya watoto wenye chini ya miaka 5, ambao unamwambia muuguzi amuulize kila mama: mtoto ana shida ya sikio? Kama usaha haujatimiza siku 14, mtoto anapewa antibiotiki ya kunywa. Kama umepita siku 14, anapewa matone maalum ya antibiotiki kwa wiki 2. Na kwa hali zote mbili sikio linakaushwa: mama anazungusha kitambaa safi cha pamba ao karatasi laini yenye nguvu mpaka iwe kama utambi, anaingiza polepole, anaacha inywe usaha, anatoa, anaweka ingine mpaka itoke kavu. Mara 3 kwa siku ao zaidi. Matone yanawekwa nyuma ya kukausha, kwa sababu dawa haiwezi kupenya usaha uliojaa.

Ni kazi ya kuchosha, na hapo ndipo matunzo mengi yanakufa. Mama anayeuza makala tangu asubuhi hana mkono wa kukausha sikio mara 3 kwa siku. Yaya mkubwa wa mtoto anaweza kufundishwa. Jirani pia. Muuguzi anayeandika dawa bila kuonyesha namna ya kuzungusha kitambaa amefanya nusu ya kazi.

Dalili moja haingoji hata siku moja: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hasa kama sikio linasukumwa mbele na mtoto ana homa. Ugonjwa umefika kwenye mfupa na unaweza kuendelea hadi kwenye ubongo. Huyo ni wa hospitali, leo.

Na kuna vitu ambavyo havina kazi sikioni: maziwa ya mama, mafuta ya taa, mkojo, maji ya majani, unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, ufunguo wa moto. Hata vile vijiti vya pamba vinavyouzwa kila kona ya Birere vinasukuma uchafu ndani badala ya kuutoa. Sikio linajisafisha lenyewe. Kama punje ya maharagwe imeingia, mtu asimwage maji, maana itavimba na kukaza zaidi.

Magonjwa na dawa zinazogusa sikio la ndani

Surua inaharibu masikio, na wengi hawalijui hilo kwa sababu wanaihesabu kwa vifo tu. Kongo ilipita kwenye surua kubwa sana katika 2019, na visa zaidi ya 310,000 na vifo zaidi ya 6,000. Watoto waliopona hawakuhesabiwa masikio. Uti wa mgongo, ambao hospitalini wanauita meningite, ni mbaya zaidi: unaweza kuzima masikio mawili kwa siku chache. Mtoto aliyetoka hospitalini nyuma ya meningite anapashwa kupimwa kusikia katika wiki zinazofuata, hata kama anaonekana mzima, anacheza na anakula. Chanjo ya surua na ile ya pneumocoque ziko kwenye kalenda ya chanjo ya watoto, na zote mbili zinalinda masikio, ingawa hakuna anayezitangaza hivyo.

Tena kuna dawa. Kinini kila mtu Goma anaijua na anajua makelele yake: masikio yanalia, sauti za watu zinakuwa mbali. Mara nyingi hali inarudi nyuma ya kuacha dawa. Siku hizi malaria kali inatunzwa kwanza na sindano ya artesunate, na hiyo ni habari nzuri kwa masikio pia. Shida ni mtu anayejinunulia kinini, anajipimia mwenyewe, na anarudia kila mwezi kwa homa ambayo pengine si malaria.

Gentamicine ni jambo lingine. Sindano hiyo inaokoa watoto wachanga wenye maambukizo, na mzazi asiikatae kwa sababu ya kusoma habari hii. Lakini ikitolewa kwa kipimo kikubwa, ao siku nyingi kupita, ao kwa mtu mwenye figo mbovu, inaua vinyweleo vya ndani, na hapo hakuna kurudi. Ni ndugu mmoja na streptomisine na kanamisine zilizotumiwa miaka mingi kwa kifua kikuu. Kanamisine, ambayo ilipewa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, OMS ilishauri tangu 2018 isitumiwe tena, na uziwi ulikuwa moja ya sababu. Wanaochoma sindano za gentamicine nyumbani kwa nyumba, bila karatasi ya munganga, kwa kila kidonda na kila homa, wanacheza na masikio ya watu.

Mabomu, mashine na muziki

Mlipuko wa karibu unaweza kupasua ngozi ya sikio kwa kufumba na kufumbua, na mtu asione damu yoyote. Goma imeishi hayo. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yaliangukia watu waliohama makwao huko Mugunga na Lac Vert. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia katikati ya mji, na hospitali kama ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, zilipokea majeruhi kupita uwezo. Siku kama hizo, mbele ya mtu anayetoka damu, hakuna wakati wa kuuliza nani masikio yake yanalia. Na mwenyewe hasemi. Anaona haya kulalamikia sikio wakati jirani amekatwa mguu.

Lakini kama tangu siku hizo masikio ya mtu yanalia bila kunyamaza, ao anaomba watu warudilie maneno, ao anasikia sauti bila kuelewa maneno, inafaa aangaliwe hata leo. Ngozi iliyopasuka kwa mlipuko mara nyingi inajifunga yenyewe katika wiki ao miezi kama sikio limebaki kavu. Ikikataa kujifunga, kuna upasuaji wa kuiziba. Kama ni vinyweleo vya ndani vilivyoumia, kupimwa kunasaidia kujua kiasi kilichobaki na kifaa gani kinaweza kusaidia. Mtoto aliyebadilika tangu vita, ambaye amekuwa mkimya na hasikii anapotumwa, jamaa inasema ni woga. Inaweza kuwa woga. Inaweza pia kuwa masikio, na mtu hawezi kujua bila kumpima.

Kisha kuna makelele ya amani, ambayo hakuna anayeyaogopa. Mashine za kusaga unga, vyuma vinavyogongwa na kuchomelewa kwenye vibanda vya mafundi, jenereta kila umeme ukikatika, baffle za kanisa zilizogeuzwa kuelekea viti vya mbele ambapo wamewekwa watoto. OMS inaweka mpaka kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Makelele yakipanda desibeli 3 tu juu ya hapo, nguvu yake inaongezeka mara 2, na muda ambao sikio linavumilia unakatwa nusu. Kwa mtu asiye na chombo cha kupimia kuna alama rahisi: kama anapashwa kulia ili mwenzake aliye umbali wa mkono mmoja amsikie, hapo ni pabaya kwa masikio. Fundi anayefanya kazi hapo siku nzima anahitaji vizibo vya masikio ao kofia za masikio. Pamba ya kawaida haitoshi.

RECO na telefone

Mtaani Goma, mtu wa kwanza wa afya si munganga. Ni RECO, yaani relais communautaire, yule mama ao papa anayepita nyumba kwa nyumba kukumbusha chanjo, kugawa habari za kolera na za vyandarua. Kwenye kazi yake ya kawaida kuna malaria, kuhara, kifua na utapiamlo. Sikio halimo. Ni pengo, na kulijaza hakuombi feza nyingi, kwa sababu mtu yuko tayari, nyumba anazijua na lugha anaijua.

RECO aliyefundishwa siku chache anaweza kufanya mambo mengi. Anaweza kuuliza kama mtoto wa miezi 3 anashtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Kama wa miezi 6 anageuka akisikia sauti ya mama yake bila kumwona. Kama wa karibu na mwaka 1 anaitika jina lake. Kama wa miaka 2 anaunganisha maneno 2. Jibu likiwa hapana, mtoto anatumwa kupimwa, si kungoja. Kwa mkubwa kuna kipimo cha zamani cha kunong'ona: anayepima anasimama nyuma kwa umbali wa mkono, sikio moja limezibwa, ananong'ona namba na maneno machache, naye anayepimwa anayarudilia. Akishindwa mengi, anaenda mbele. Kipimo hiki hakisemi ni ugonjwa gani. Kinasema tu nani asibaki nyumbani.

Telefone imeongeza nguvu ya kazi hiyo. Afrika ya Kusini, kwenye mtaa wa Khayelitsha karibu na Cape Town, Chuo Kikuu cha Pretoria na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wa afya wa mtaa, watu wasio waganga, kupima kusikia kwa watoto wa shule za chekechea kwa kutumia smartfone na kofia za kusikilizia zilizopimwa sawasawa. Baadaye walifika pia kwa watu wazima, na wafanyakazi haohao wa mtaa waliwawekea vifaa vya kusikilizia na kuwafuatilia nyumbani. Kwa siku ya kusikia ulimwenguni ya tarehe 3 mwezi wa tatu 2024, OMS ilitoa mwongozo unaokwenda njia hiyo: mahali pasipo wataalamu wa kutosha, watu wasio wataalamu wafundishwe kupima, kuweka kifaa na kufuatilia, mtaalamu akibaki juu yao kwa visa vigumu.

Khayelitsha si Goma, bila shaka. Kule kuna barabara, umeme na chuo kikuu karibu. Goma uwanja wa ndege ulifungwa nyuma ya vita vya mwanzo wa 2025, mabanki yakafunga, na kuingiza kifaa kidogo tu kukawa safari ya mipaka. Lakini sehemu ya kwanza, ile ya kuuliza, kuangalia sikio, kukausha usaha na kutuma wanaostahili, haingoji ndege.

Kifaa kidogo chenye maswali mengi

Watu wanafikiri kifaa cha kusikilizia ni kama miwani: unavaa, unaona. Sivyo. Kifaa kinaongeza sauti zote, pamoja na wamotari wanaopita na sufuria zinazoanguka. Ubongo uliokaa miaka bila sauti unahitaji wiki na miezi kuzoea. Wengi wanakivaa siku 3, kichwa kinauma, wanakiweka kwenye kabati. Kwa sababu hiyo kugawa vifaa na kuondoka ni hasara. Kifaa bila mtu wa kurudi kuuliza «unasikiaje sasa?» ni feza iliyotupwa, hata kama kilitolewa bure.

Kuna tena batiri. Vifaa vingi vinatumia batiri ndogo kama kifungo, zinazofanya kazi kwa hewa. Mara kibandiko chake kikitolewa, batiri inaanza kuisha, hata kama kifaa kimezimwa, na inaweza kudumu wiki moja ao karibu mbili. Mtu asitoe kibandiko mbele ya wakati. Usiku kifungo cha batiri kiachwe wazi na kifaa kiwekwe mahali pakavu, maana majasho na mvua za Goma vinakiua. Batiri za namna hiyo haziuzwi kwenye kila kibanda cha unités, na mtu anayepewa kifaa anapashwa kuuliza palepale: batiri nitazipata wapi, kwa bei gani, nani atakitengeneza?

Botswana walijaribu jibu lao. Katika kijiji cha Otse, mradi unaoitwa Solar Ear ulitengeneza chombo cha kuchaji batiri za vifaa vya kusikilizia kwa jua, na waliokuwa wakikitengeneza ni viziwi wenyewe. Kwa mji ambao umeme unakuja na kwenda, wazo hilo linastahili kuangaliwa.

Vile vinavyouzwa kwa bei ndogo kama «vya kusikilizia», visivyowekwa kwa kipimo cha sikio la mtu, vinaongeza sauti ovyo ovyo. Kwa mzee aliyepungukiwa kidogo vinaweza kumsaidia kusikia wajukuu. Kwa sikio la mtoto ni hatari.

Wasiosikia kabisa

Kuna watu ambao hakuna kifaa kitakachowasaidia, na kwao huduma ya afya ya masikio ina maana nyingine: lugha. Jina «bubu» bado liko kwenye vinywa vya watu, lakini wengi wa viziwi sauti wanayo. Hawakusikia maneno ili wayajifunze, ndiyo yote. Mtoto kiziwi anayewekwa mapema kati ya watu wanaotumia lugha ya ishara anakua na akili yenye lugha. Anayefichwa nyumbani hadi miaka 10 anafika shuleni bila lugha yoyote, na hapo mwalimu ana mzigo mzito sana.

Lugha ya ishara inayotumiwa na viziwi wengi wa Kongo ina historia inayoishia karibu sana na Goma. Andrew Foster, Mwamerika mweusi wa Alabama, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa sababu ya meningite. Katika 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kumaliza masomo kwenye chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington. Katika 1957 alifungua shule ya viziwi Ghana, na toka hapo akaendelea hadi zaidi ya shule 30 katika inchi 13 za Afrika, Zaire ya wakati ule na Burundi zikiwemo. Aliwafundisha walimu ishara za Marekani zilizochanganywa na Kifaransa, na ndiyo sababu kiziwi wa Kongo na wa Kameruni wanaweza kuelewana wakikutana. Foster alikufa tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1987 katika ajali ya ndege karibu na Gisenyi, ngambo tu ya mpaka. Wakaaji wengi wa Goma wanavuka kila siku bila kujua.

Kwa upande wa sheria, karatasi ziko. Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalum. Kongo iliingia kwenye mkataba wa kimataifa wa haki zao katika 2015, na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatoka sheria namba 22/003 inayowahusu wao peke yao. Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye dirisha la hospitali, ambapo muuguzi anaita majina kwa sauti na kiziwi anapitwa na zamu yake, ni safari ingine. Karatasi yenye namba iliyoandikwa kwa kalamu kubwa ingetosha kuifupisha.

Usiku ni mbaya zaidi. Mtu anayeambiwa «simama!» na mwenye bunduki na hasikii, anaendelea kutembea. Jamaa nyingi zenye kiziwi haziachi atoke peke yake jua likizama, na anaweza kuandikiwa karatasi ya kubeba mfukoni: mimi ni kiziwi, ninaona, sisikii.

Hata onyo la volkano ni jambo la masikio. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na siku chache baadaye amri ya kuhama ilipotolewa, habari zilipita kwenye redio, kwenye simu za sauti na kwenye midomo. Redio ina uzito wake Goma, lakini kwa kiziwi ni kisanduku tu. Rangi za onyo za wachunguzi wa volkano zinaweza kumfikia kama ziko mahali anapopita na kama amefundishwa maana yake. Ujumbe wa maandishi unamfikia kama anajua kusoma na telefone inatikisika. Mwenye mwanga wa kitochi anaweza kuuwasha na kuuzima mara 3 dirishani. Na kwa asiye na hivyo vyote, jamaa inapanga mapema, kwa jina, jirani gani atapita kumshika mkono, na nani atashika nafasi yake kama huyo hayupo siku hiyo.